Nani Ameituma Dhoruba?

Fundisho kwa wakatekumeni wanaojitayarisha kwa Ubatizo



Mtu anayekaa Goma, au katika vijiji vya kandokando ya ziwa Kivu, huijua siku ya dhoruba kabla tone la kwanza halijaanguka. Asubuhi jua huwa kali na hewa huwa nzito. Baada ya adhuhuri mawingu meusi hukusanyika juu ya milima ya Masisi na juu ya mlima Nyiragongo, hata kilele chake hakionekani tena. Kisha upepo hushuka kwa ghafula. Vumbi jeusi la mawe ya volkano huruka njiani. Vijana wenye chukudu zilizobeba makaa hutafuta baraza la kujikinga. Akina mama sokoni hufunika unga na maharagwe yao. Wavuvi walio ziwani hupiga makasia kwa nguvu zote ili wafike pwani. Mvua hufika kama ukuta. Radi hupiga, watoto hujificha, na baba wa nyumba husimama akitazama mabati, akiomba misumari ishike.

Nyumba nyingi za mji huo ni za mbao, maana mwamba wa volkano ni mgumu kuchimbwa, na matofali ni ghali. Kwa hiyo upepo ukipata nafasi chini ya bati moja, huling'oa, na la pili hulifuata. Kati ya mwaka 2022 na mwanzo wa mwaka 2025 watu wengi sana waliokimbia vita walikaa katika makambi ya Kanyaruchinya, Bulengo na mengine kandokando ya Goma. Vibanda vyao vilikuwa vya miti na turubai, navyo vilisimama juu ya mawe matupu. Dhoruba moja ya usiku ilitosha kumwacha mama na watoto wake wakisimama mvuani mpaka asubuhi, wakishika turubai kwa mikono ili isichukuliwe na upepo.

Dhoruba hupita. Pengine kwa muda wa saa moja tu jua hurudi, na ziwa hutulia kana kwamba halikutenda neno. Lakini nyuma yake hubaki swali, nalo swali hilo laweza kuleta hasara kubwa kuliko dhoruba yenyewe. Watu huulizana: Nani ameituma? Juu ya swali hilo mkatekumeni hana budi kufundishwa vema kabla hajafika kwenye maji ya Ubatizo.

1. Mambo yaliyotokea mwezi wa Mei 2023

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Rwanda. Mto Sebeya, unaoingia ziwani karibu na Gisenyi, mji ulio jirani kabisa na Goma, ulifurika na kubomoa nyumba za watu usiku ule. Katika sehemu za magharibi na za kaskazini ya Rwanda walikufa watu zaidi ya 130.

Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4 Mei, mvua ilianguka upande wa Kongo, katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hilohilo. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wametoka vijiji vya mbali na mizigo yao, mmoja na ndizi, mwingine na maharagwe, mwingine na kuku wa kuuza apate karo ya mtoto. Mito iliyoshuka milimani ilivunja kingo zake. Maji hayakuja peke yake, bali yalileta matope, magogo na mawe makubwa kama nyumba. Kijiji cha Nyamukubi na cha Bushushu viliharibiwa vibaya. Miili zaidi ya 400 iliokotwa, mingine katika matope, mingine ziwani. Na watu maelfu walitajwa kuwa wamepotea. Wafu walikuwa wengi hata ikabidi kuwazika pamoja. Tarehe 8 Mei taifa zima la Kongo liliomboleza.

Katika Goma walikuwako watu waliopoteza wazazi na ndugu huko Kalehe, maana mashua za ziwa huunganisha pande hizo mbili kila siku. Waliobaki walijiuliza maswali yale ambayo kila mwenye msiba hujiuliza. Kwa nini wao? Kwa nini siku ile ya soko? Maswali hayo si dhambi. Hata Ayubu mtakatifu aliuliza. Dhambi huingia mtu anapotaka jibu la haraka, akaenda kulinunua kwa mpiga ramli.

2. Mfano wa ndugu wawili

Sikilizeni mfano huu.

Katika kijiji kimoja juu ya ziwa walikaa ndugu wawili. Mkubwa alikuwa na mbuzi sita. Mdogo alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, naye alitumaini kubatizwa usiku wa Pasaka. Majuma machache kabla ya Pasaka ilikuja dhoruba. Radi ilipiga mkaratusi mrefu uliosimama peke yake malishoni. Mbuzi wote waliokuwa wamejikinga chini yake walikufa, na mtoto wa yule ndugu mkubwa, mvulana wa miaka tisa aliyewachunga, alikufa pamoja nao.

Kilio kilikuwa kikubwa. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikutana, na mmoja wao akasema, "Radi haipotei njia. Imetumwa." Wote wakanyamaza. Kisha wakaamua kwenda kwa mpiga ramli ng'ambo ya kilima, na kila mwanamume wa ukoo atoe kuku mmoja wa malipo. Lakini kwa kweli kila mtu alijua mapema jina litakalotajwa. Mwisho wa kijiji alikaa mjane mmoja, mzee, asiye na mtoto wa kumtetea, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko la kuni. Mwaka uliopita aligombana na ndugu mkubwa kwa sababu mbuzi walikula maharagwe yake. Hiyo ilitosha.

Wakamwambia yule mdogo, "Wewe ni damu yetu. Toa kuku wako. Ukikataa, hukumpenda mtoto."

Neno hilo lilimchoma moyo, maana alimpenda mtoto yule sana. Yeye ndiye aliyemfundisha kufanya ishara ya Msalaba. Usiku hakulala. Aliwaza, "Ni kuku mmoja tu. Padre hatajua. Wala si mimi nitakayemtaja yule mama. Atamtaja mpiga ramli. Wala si mimi nitakayempiga, watampiga wengine." Tazameni, ndugu, jinsi shetani anavyojua kugawanya dhambi vipande vidogo, ili kila mmoja abebe kipande chake bila kuona uzito. Mwisho wake mtu ameuawa, na katika kijiji kizima hapatikani muuaji.

Kulipokucha alikwenda kwa ndugu yake, akamwambia, "Kaka, mtoto alikuwa wako, naye alikuwa wangu pia. Nitakulimia shamba lako msimu huu wote. Nina mbuzi mmoja jike mwenye mimba. Mchukue, uanze kundi tena. Lakini kuku wa ramli sitatoa, na jina la yule mama halitatoka kinywani mwangu." Kaka yake akamfukuza nyumbani mwake.

Jioni yule mkatekumeni alichukua mkeka akaenda kwa mjane. "Hodi, Mama." Hakujibiwa, maana mama yule aliogopa. "Mama, usifungue. Nitalala hapa nje." Akalala mlangoni usiku huo na usiku wa pili. Usiku wa tatu Wakristo watatu wa shirika lake walikuja kukaa naye, wakasali Rozari. Katikati ya usiku vijana wa ukoo walifika na fimbo na moto, na kaka yake alikuwa pamoja nao. Waliwakuta watu wanne wamepiga magoti mlangoni. Yule kaka alimtazama mdogo wake kitambo kirefu, kisha akageuka akarudi nyumbani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Usiku wa Pasaka mdogo alibatizwa. Kaka yake hakuja. Hawakupatana upesi, na maneno ya uchungu yalisemwa mara nyingi. Lakini mjane alibaki hai, na mikono ya ndugu wale wawili haikushika damu.

Mkatekumeni asidhani kwamba huu ni mfano tu. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliotajwa kuwa wachawi waliuawa na watu wa vijiji vyao, wengine kwa moto. Wale waliowaua walikuwa jirani zao, watu waliozoea kuchota maji pamoja nao.

3. Dhoruba hutoka wapi

Mwenyezi Mungu ameumba ulimwengu kwa utaratibu, naye amempa mtu akili ili autambue utaratibu huo. Mkristo anayejifunza kazi za Mungu hapunguzi imani yake.

Katika nchi za Kivu jua la asubuhi hupasha moto ardhi na ziwa. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu. Unyevu mwingine hutoka magharibi, kwenye msitu mkubwa wa Kongo, nao ukifika kwenye milima mirefu husukumwa juu zaidi. Huko juu kuna baridi kali. Unyevu hugeuka kuwa matone ya maji na chembe za barafu. Hizo hugongana ndani ya wingu, na kwa kugongana huko umeme hukusanyika. Umeme ukizidi, hutafuta njia ya kushuka, na mara nyingi hupita katika kitu kirefu kuliko vingine: mti wa peke yake, mlingoti, au mtu aliyesimama uwandani. Ndiyo maana katika mfano radi ilipiga mkaratusi. Mti ulikuwa mrefu. Radi haikumjua mwenye mbuzi wala haikukumbuka ugomvi wa maharagwe.

Wataalamu walihesabu miale ya radi kwa miaka mingi kwa chombo kinachozunguka dunia angani, wakatoa hesabu yao mwaka 2016. Walikuta kwamba katika Afrika nzima hapana mahali panapopigwa kuliko karibu na Kabare, upande wa magharibi wa ziwa Kivu: miale zaidi ya 200 kila mwaka kwa kilometa moja ya mraba. Katika dunia nzima ni ziwa Maracaibo tu, huko Venezuela, lililoipita. Basi mwenye kusema kwamba kila radi imetumwa na mtu, ajibu swali hili: ni vikongwe wangapi wangehitajika kutuma miale yote hiyo, mchana na usiku, mwaka hata mwaka? Na watu wa Venezuela wamekosana na mjane gani?

Ziko pia tufani kubwa zaidi, zile zinazozaliwa baharini na kuzunguka kama gurudumu. Hizo hazifiki Goma, kwa kuwa Goma iko mbali na bahari na karibu sana na ikweta, mahali ambapo kuzunguka kwa dunia hakuna nguvu ya kutosha kuupinda upepo uwe gurudumu. Lakini pwani ya Afrika ya Mashariki imezionja. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ya namna hiyo ilipiga kisiwa cha Unguja. Merikebu zilizokuwa bandarini zilivunjika, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iliangushwa. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misioni mwaka 1868 na kukusanya watoto waliokombolewa utumwani. Majengo yao yaliangushwa. Lakini kisiwa cha Pemba, kilicho karibu na Unguja, kilisalimika, na mikarafuu yake ikabaki imesimama.

Je, watu wa Pemba walikuwa watakatifu kuliko watu wa Unguja? Na wale mapadre, waliowatoa watoto utumwani, walikuwa wenye dhambi kuliko wafanya biashara wa watumwa? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Tufani ilipita njia yake. Mapadre waliwakusanya watoto, wakajenga tena.

4. Neno la Bwana Yesu

Bwana Yesu Kristu mwenyewe aliulizwa swali hili. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, anawakumbusha watu habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Anawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu. Kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo, akawaonya kila mmoja atubu dhambi zake. Angalieni vizuri: Bwana hakutaja aliyeuangusha mnara, wala hakuwashitaki waliokufa. Aliwageuza wenye kuuliza waitazame mioyo yao. Waliokufa sokoni Nyamukubi hawakuwa wakosefu kuliko waliokuwa sokoni Goma siku ileile.

Tena imeandikwa katika Injili jinsi mitume walivyopigwa na dhoruba ziwani. Mawimbi yaliingia chomboni, na Yesu alikuwa amelala. Wavuvi wa Kivu wanaielewa habari hiyo kuliko watu wengi, maana wanajua jinsi upepo unavyoshuka milimani na kuligeuza ziwa kwa dakika chache. Mitume waliogopa, nao hawakulaumiwa kwa kumwamsha Bwana. Lakini hawakugeukiana wakitafuta ni nani kati yao aliyeleta upepo. Walimwendea yeye. Naye aliukemea upepo, ukatulia. Aliye na mamlaka juu ya upepo ni mmoja tu, na Mkristo amekwisha kuwa mtu wake.

Mkatekumeni mwenye akili ataleta hoja: "Mbona katika habari za nabii Yona mabaharia walipiga kura wamjue aliyesababisha dhoruba, na kura ikamwangukia Yona?" Hoja hiyo ni nzuri, nayo yastahili jibu. Kwanza, mabaharia wale walikuwa wapagani wasiomjua Mungu wa kweli; Mungu aliitumia desturi yao, kama alivyoitumia nyota kuwaongoza Mamajusi. Pili, Yona alikiri kosa lake mwenyewe kwa kinywa chake; hakuna aliyemtesa akiri. Tatu, hata baada ya kukiri, wapagani wale hawakutaka kumtupa. Walipiga makasia kwa bidii ili wamfikishe pwani, na waliposhindwa walimwomba Mungu asiwahesabie damu ya mtu. Nne, Mungu hakumwacha Yona afe, bali alimwokoa. Wapagani wale waliogopa kumwaga damu. Mkristo anayemwinda kikongwe usiku kwa fimbo, je, atawatazama usoni siku ya hukumu?

5. Makosa yaliyo ya kweli

Liko jambo jingine. Mara nyingi watu humtafuta mchawi ili wasiyaone makosa yao wenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na watu hawakuwa na njia nyingine. Mwenye chombo anayepakia abiria kupita kipimo kwa kutaka fedha ana hesabu ya kutoa mbele ya Mungu kwa Amri ya Tano. Mwenye kukata miti yote ya mlimani asipande hata mmoja, anailegeza ardhi inayokaa juu ya kijiji cha mwenzake. Mwenye kujenga katika njia ya mto wakati ana mahali pengine, anawajaribia maisha watoto wake. Lakini maskini asiye na mahali pengine asilaumiwe. Wenye ardhi na wenye mamlaka ndio wataulizwa juu yake.

Dhambi hizo zinajulikana, nazo zaweza kutubiwa na kutengenezwa. Mti waweza kupandwa. Mfereji waweza kuchimbwa. Abiria waweza kusubiri mashua ya pili. Lakini mjane aliyeuawa harudi.

6. Mambo ya kutenda

Dhoruba ikianza, Mkristo hufanya ishara ya Msalaba na kujikabidhi kwa Mungu. Tangu zamani Kanisa katika litania zake humwomba Mungu aokoe watu na radi na tufani. Sala hiyo ni njema. Maji ya baraka na medali ni vitu vitakatifu vya kuamsha imani. Asivifanye hirizi, akidhani nguvu imo katika chuma.

Baada ya kusali, atumie akili aliyopewa. Asikae chini ya mti wa peke yake. Atoke ziwani na shambani mapema, aingie nyumbani. Akiwa mbali na nyumba, ashuke kutoka kilimani na kwenye uwanda wazi, aache jembe, na wenzake wasisongamane naye. Tena apime hivi: akiuona mwale wa radi, ahesabu mpaka asikie ngurumo, kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Hesabu ikizidi kupungua, radi inakaribia. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Aguswe na kusaidiwa mara moja, maana wengi hupona wakipata msaada upesi.

Dhoruba ikiisha, Mkristo asikae kusikiliza minong'ono. Atoke aone nyumba ya nani imepoteza mabati, akaanze na nyumba ya mjane, na ya mgeni, na ya yule asiyependwa. Apeleke misumari, au chakula, au mikono yake. Kwa mwenye kufiwa akae kimya kwanza. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye chini bila kusema. Walikosea walipofungua vinywa vyao kumweleza kwamba msiba ni matunda ya dhambi zake, na Mungu akawakasirikia.

Na jina la mtu likianza kutajwa, alikatae pale pale, kabla halijaota mizizi. Amwite Padre, wazee wa shirika na wakubwa wa serikali ya kijiji. Akiweza, akalale mlangoni.

Maswali na majibu

Swali: Je, radi hutumwa na wachawi?
Jibu: Hapana. Radi hutokea mawinguni kwa utaratibu uliowekwa na Mungu Muumba.

Swali: Je, shetani hayupo basi?
Jibu: Yupo. Lakini siku ya dhoruba humshinda mtu hasa kwa hofu, uongo na chuki, akimfanya amwage damu ya jirani.

Swali: Mkatekumeni anayechangia malipo ya mpiga ramli anavunja amri gani?
Jibu: Anavunja Amri ya Kwanza, kwa kumwacha Mungu na kutafuta ramli. Mtu akishitakiwa kwa uongo, ameshiriki kosa juu ya Amri ya Nane. Mtu huyo akiuawa, ameshiriki kosa juu ya Amri ya Tano.

Swali: Kama alitoa kitu kidogo tu, naye hakupiga mtu?
Jibu: Anayeshiriki kwa kujua hushiriki hatia. Kuku mdogo hawezi kuifanya damu kuwa ndogo.

Swali: Kwa nini Mungu huacha wema wapatwe na msiba?
Jibu: Siri yote haijafunuliwa hapa duniani. Lakini Mungu mwenyewe, katika Mwanae, aliteswa akafa bila kosa, akafufuka. Mwenye msiba hayuko peke yake, na kaburi si mwisho wake.

Swali: Mkristo aulize nini baada ya dhoruba?
Jibu: Aulize, "Nani anahitaji msaada wangu?"

Sala

Ee Mungu, Bwana wa upepo na wa maji, uwapokee katika raha yako wote waliochukuliwa na dhoruba Kalehe, Rwanda, na katika ziwa Kivu. Uwafariji wanaowalilia. Uwape wakatekumeni moyo wa kumtumaini Mwanao chomboni, ulimi usiomtaja jirani kwa uongo, na miguu yepesi kwenda kwa mwenye shida. Kwa Yesu Kristu Bwana wetu. Amina.